Kukunja, Kupinda na Kuviringa: Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Bati

Kitenzi *kunja* kimebebeshwa mzigo mkubwa mno. Twakunja nguo, twakunja mkeka, twakunja ngumi, hata uso twaukunja. Katika mazungumzo hapana ubaya, kwani muktadha hufafanua. Lakini kitenzi hicho kinapohamishiwa kama kilivyo katika maelezo ya ufundi wa bati, huzusha utata.

Tutazame vifaa vinavyotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kahama na Geita. Pipa la karasha ni bamba la chuma *lililoviringwa*. Mwili wake hauna mkunjo. Bati la migongo, ambalo Henry Robinson Palmer alilipatia hataza huko Uingereza mwaka 1829, *limepindwa* kwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yanayolipa ugumu. Karai la chuma nalo *limekandamizwa* katika kalibu hadi chuma kikanyumbuka. Mwalimu akisema kwamba vyote vitatu "vimekunjwa", mwanafunzi atafuata njia ipi?

Liko na jambo la nne, lihitajilo jina lake lenyewe: kukunja bati kwa kufuata mstari uliopinda. Hapo upande mmoja wa mkunjo hubinuka, wa pili hubonyea, na bamba jembamba hupata nguvu ya kusimama pasipo kunyumbuliwa. Josef Albers aliwafundisha wanafunzi wake wa Bauhaus kwa karatasi katika miaka ya 1920, naye David Huffman akachapisha hisabati ya mikunjo hiyo mwaka 1976.

Mtu aweza kupendekeza "mkunjo duara". Tunalipinga pendekezo hilo kwa sababu mbili. Kwanza, si kila mstari uliopinda ni sehemu ya duara. Pili, katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, *duara* ni shimo la mchimbaji. Istilahi hiyo itampeleka fundi shimoni badala ya karakanani. Sisi twaonelea *mkunjo wa tao*, kwani tao hutajwa kwa mlango na kwa mto pia, bila kulazimisha duara.

Basi tunawashauri watafsiri na walimu waweke neno *kunja* pale tu panapobaki alama ya mkunjo. Bati lililopigwa nyundo mahali lilipotakiwa kukunjwa hunyumbuka likaharibika, na hasara humwangukia fundi, wala si mtafsiri.