Sevisi Apewe Fundi Mkuu

Katika gereji nyingi heshima hugawanywa vibaya. Anayeshusha injini na kuifufua ndiye huitwa fundi. Kumwaga oili na kusafisha vichwa vya betri huachiwa kijana anayejifunza, eti kazi hiyo haina ugumu. Mimi naona sevisi ndiyo inayodai akili zaidi. Injini iliyokufa huonyesha yenyewe palipoharibika, lakini fundi wa sevisi hutakiwa kuutambua ugonjwa gari likiwa bado linawaka na kwenda vizuri.

Chukua Land Cruiser za watalii zinazotoka Arusha kwenda Serengeti, hasa zile zenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2. Gari hutambaa kwa gia ndogo na husimama mbele ya simba injini ikinguruma, kwa hiyo oili huchoka kwa saa ambazo mita ya kilomita haizihesabu. Vumbi nalo lina asili yake: udongo wa nyanda za kusini-mashariki mwa hifadhi umetokana na majivu ya volkano, yakiwemo ya Ol Doinyo Lengai. Fundi mzuri hufungua mpira wa hewa na kupitisha kidole upande wa ndani, hewa ikishapita eakilina. Akikuta vumbi hapo, anajua ringi za pistoni zimeanza kusagwa, hata kama tarehe ya sevisi haijafika. Weusi wa oili haumtishi, maana kubeba masizi ya dizeli ni kazi ya oili. Kinachomshtua ni oili yenye rangi ya maziwa, kwa sababu hapo maji yameingia.

Betri inataka umakini zaidi. Ile ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ikijaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Friji ya vinywaji na chaja za kamera zikiinyonya injini ikiwa imezimwa, kisha ikaachwa hivyo, chumvi ya risasi huganda kwenye sahani zake na nguvu hairudi yote. Mitikisiko ya barabara mbovu hupukutisha sahani hizo, ndiyo maana anayeijua kazi hukagua kwanza kama betri imekazwa. Kimiminika cha ndani ya betri kikishuka, kilichopungua huwa ni maji, si asidi; kwa hiyo huongeza maji yaliyokenekwa peke yake.

Wapo wanaosema betri za siku hizi zimezibwa, hazitaki matunzo. Ni kweli hazitaki kuongezwa maji, lakini joto, mtikiso na kutu ya vichwani havizuiwi na kifuniko, na altaneta inayochaji kupita kiasi itaiua betri mpya kama ilivyoiua ya zamani. Wengine husema sevisi ni kufuata orodha tu. Orodha humwambia mtu mahali pa kutazama. Kukielewa anachokiona hakufundishwi na karatasi, na kijana wa miezi miwili hawezi kulaumiwa kwa kutokielewa.

Mwenye gereji, mpe sevisi fundi wako bora, na mwanafunzi asimame kando yake akiuliza. Nawe mwenye gari, usidai kupunguziwa bei kwa sababu hukuona kipuri kilichobadilishwa.