Eye in the Sky ni filamu yetu, hata kama Eastleigh yake si yetu

Jamaa anayenijazia muvi kwenye flashi hapa Mishomoroni amezipanga kwa mafungu kwenye kompyuta yake: za Kihindi, za Kikorea, za Kinaijeria, za DJ Afro, na fungu moja ameliandika VITA. Humo mna Rambo zote, mna Black Hawk Down, mna zile za Wamarekani na Wajerumani. Eye in the Sky haimo. Nilipomuuliza akaniambia aliitoa kitambo, manake wateja walikuwa wanarudi kulalamika. "Watu wamekaa kwenye simu saa nzima, bro. Vita vyenyewe havianzi."

Simlaumu. Ukiitazama filamu hii ukingoja risasi, utachoka. Gavin Hood, Mwafrika Kusini aliyetupa Tsotsi, aliionyesha mara ya kwanza Toronto Septemba 2015, na karibu yote ni watu waliokaa wakitazama skrini. Kanali Powell (Helen Mirren) yuko Uingereza. Rubani wa droni (Aaron Paul) yuko Nevada, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Jenerali Benson (Alan Rickman) yuko London na mawaziri. Wote wanatazama nyumba moja Nairobi ambamo watu wa Al-Shabaab wanavaa fulana za mabomu. Nje ya ukuta wa nyumba hiyo, msichana mdogo anaitwa Alia anatandika meza na kuuza mikate ya mamake.

Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Wapige kombora au wasipige?

Wahakiki wa nje waliisifu, halafu Oscar zikapita bila kuiteua hata mara moja. Zaidi ilikumbukwa kama kazi ya mwisho ambayo Rickman alionekana kwa sura yake. Alifariki tarehe 14 Januari 2016, kabla filamu haijasambaa. Ni sawa kumkumbuka Rickman. Lakini mimi nadhani kilio cha kwanza kilipaswa kuwa chetu, sisi Wakenya, na sisi ndio tumeinyamazia.

Najua sababu moja. Eastleigh ya filamu hii ni uongo. Imepigwa Afrika Kusini, na wanamgambo wanazunguka mitaani na bunduki kubwa imefungwa nyuma ya pikapu, kana kwamba serikali ya Kenya ilishaacha funguo ikaondoka. Yeyote aliyewahi kwenda Eastleigh kununua nguo za jumla anajua pale ni biashara juu ya biashara, na wenye bunduki mtaani ni polisi wanaotaka kuona kitambulisho. Kosa hili si dogo. Aprili 2014, miezi michache baada ya Westgate, Wasomali walikamatwa kwa mamia wakapelekwa uwanja wa Kasarani, kwa sababu hiyo hiyo ya kuiona Eastleigh kama kambi ya adui. Filamu inayotaka tumlilie mtoto wa Kisomali haikutakiwa kukopa picha hiyo.

Hata hivyo naitetea, na nitaanzia kwenye mikate.

Barkhad Abdi anacheza Jama, jasusi aliye na miguu yake chini pale mtaani. Anaambiwa amwondoe msichana. Hawezi kumwambia kitu, kwa hivyo anafanya la akili: ananunua mikate yote. Mkate ukiisha, mtoto atakwenda nyumbani. Lakini wanamgambo wanamshtukia, anakimbia, mikate inaanguka chini. Alia anafanya nini? Anaiokota, anarudi nayo mezani, anaanza kuiuza upya.

Huko London na Nevada pumzi zinakatika. Mimi niliitazama na mamangu, ambaye amekaanga viazi karai kando ya barabara tangu nikiwa darasa la pili, na yeye hakushtuka hata kidogo. "Kwani angeacha?" aliniuliza. Kwake, mtoto kafanya kazi yake vizuri: kauza, mteja kakimbia, mali imebaki, anauza tena. Ndipo nikaelewa kwamba filamu hii ina watazamaji wa aina mbili. Kuna wanaoona bahati mbaya, na kuna wanaoona hesabu ya jioni, kwamba mkate uliouzwa mara mbili ni unga wa kesho.

Halafu kuna hesabu nyingine. Sheria za Powell zinadai uwezekano wa msichana kufa uwe chini ya asilimia 50. Sajini wake anapiga hesabu, inazidi. Powell anambana: sogeza pale kombora litakapoangukia, angalia tena, tafuta. Hapigi kelele sana, anaomba tu kwa sauti ya bosi. Mwishowe sajini anapata kiwango kinachoanzia 45, na juu inapelekwa 45 peke yake. Hakuna aliyesema uongo waziwazi. Kila mtu alipunguza kidogo tu. Sijaona filamu ya vita nyingine, hata zenye damu mpaka magotini, iliyonionyesha kwa uwazi hivi jinsi mtu anavyouliwa kwenye karatasi kabla ya kuuliwa nje.

Na hapa siwezi kujifanya mtazamaji wa mbali. Mwaka 2014 nilikuwa shule ya msingi. Machi watu walipigwa risasi wakiwa kanisani Likoni, Jumapili asubuhi. Novemba polisi wakavamia misikiti ya Majengo na hapa Kisauni, vijana wakabebwa kwa wingi. Siku zile mtaani kwetu kijana mmoja, fundi wa baiskeli, alichukuliwa usiku na watu ambao hawakusema wao ni nani. Ninachokumbuka zaidi ni sisi tuliobaki. Kwenye maskani, kwenye foleni ya maji, kila mtu alikuwa na asilimia yake. "Lazima ana kitu." "Si alikuwa anaswali na wale?" "Mimi naona nusu kwa nusu." Alirudi siku ya nne, hana kesi, hana maelezo, na wateja wake hawakurudi wote. Babake Alia pia ni fundi wa baiskeli. Nilipomwona akimtengenezea binti yake duara la kuchezea kiunoni, nilisimamisha filamu nikatoka nje kidogo.

Kuna jambo ambalo naona wengi hawakulisema. Katika filamu simu zinapigwa kila pembe ya dunia. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza anatafutwa Singapore, tumbo limemchafuka. Mwenzake wa Marekani anacheza tenisi ya meza Beijing. Kenya kuna askari tayari kwenye malori wanangoja kukamata watu, na ofisa wao anaambiwa asubiri. Lakini waziri wa Kenya wa kuulizwa kama nchi yake ipigwe kombora sikumwona. Sijui kama Hood alikusudia au alisahau. Kwangu yote mawili yanasema ukweli uleule. Droni si hadithi ya mbali hapa pwani: tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani 3 na kuharibu ndege. Wengi wetu tulijua ukubwa wa kambi ile kupitia habari za shambulio lenyewe.

Abdi naye anastahili aya yake. Dunia ilimjua kama haramia kwenye Captain Phillips, hadithi ya meli ya Maersk Alabama iliyokuwa ikija hapa Mombasa mwaka 2009. Hapa wamemgeuza. Yeye ndiye anayekimbia, anayetoa jasho, anayempa mtoto mwingine hela akanunue mikate badala yake. Wenye vyeo wanabishana, na mwenye huruma ya vitendo ni Msomali mwenye simu mkononi na ndoo za kuuza mbele yake.

Mwisho umeshausikia pengine, na kama hujausikia ruka hapa. Kombora linapigwa, halafu la pili. Alia yuko chini. Wanaomwokota ni wanamgambo walewale wa pikapu, na ili apate pa kulala nyuma wanaing'oa ile bunduki kubwa na kuitupa barabarani. Babake anawashukuru kwa macho. Hospitalini anafariki. Mamangu aliuliza kama yule jasusi alijua jina la mtoto. Nikarudisha nyuma tuangalie, umeme ukapotea.