Kumlisha Paka Aliyeshindwa Kutafuna

Katika maghala ya nafaka ya Busia, pande zote mbili za mpaka, bila paka, panya hutoboa magunia usiku kucha. Mama mmoja anayeuza mahindi upande wa Uganda alipoona dume lake la paka linainamia sahani ya mukene (omena kwa majirani wa Kenya), linaramba mara moja kisha linaruka nyuma kama lililochomwa, hakungoja njaa ilifundishe kula. Alifanya jambo la maana sana. Paka akipitisha siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza. Wengine huuawa na ini hilo, si na ugonjwa ulioanza.

Wala hakukimbilia kumpanua kinywa. Paka anayedondokwa na udende na kushindwa kumeza huenda ana kichaa cha mbwa, na hatari hiyo ipo kuanzia Busia hadi Tororo. Aking'ata au kukwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Paka huyu alipelekwa kwa daktari wa mifugo ndani ya kikapu kilichofungwa, akakutwa na mafua ya paka na vidonda vya ulimi. Dawa akapewa; kulisha kukabaki kazi ya nyumbani.

Mukene ulioanikwa chini huwa na mchanga, na mchanga juu ya kidonda ni mateso. Mama akauacha. Alichemsha mapaja na mioyo ya kuku bila chumvi na bila kitunguu cha aina yoyote, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya paka. Supu hakuimwaga, na hapo ndipo ninapomvulia kofia: nyama ina taurini, ambayo mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na ikichemshwa sehemu yake huhamia majini. Akasaga nyama pamoja na supu, akachuja mpaka uji ukapita kwenye bomba la sindano bila kukwama. Sindano yenyewe ilitolewa. Maziwa ya ng'ombe hakumpa, maana huwaharisha paka wengi wakubwa.

Uji ulitolewa ukiwa vuguvugu, baada ya kumfuta pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Paka mwenye pua iliyoziba hanusi, na asiponusa hali.

Kosa kubwa nililoliona kwa watu ni kumlaza paka chali kama mtoto mchanga. Chakula huingia mapafuni. Mama alimweka akae kwa tumbo, amefungwa taulo, kichwa kikiwa sawa, hakijainuliwa. Bomba liliingia pembeni, nyuma ya jino la chonge, likatoa mililita moja hivi, kisha likangoja. Mpaka koo lionekane likimeza, hakuna nyingine. Akikohoa, unaacha. Paka anayetapika au aliyelegea kabisa halishwi hivi hata kidogo.

Paka wa kilo 4 huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku, lakini siku ya kwanza theluthi yake inatosha, ikigawanywa mara tano au sita. Tumbo lililokaa tupu likijazwa ghafla hurudisha.

Na kwa maumivu ya vidonda, parasetamoli isitumike kabisa. Nusu kidonge tu kinaweza kumwua.

Paka alipoanza kuramba mwenyewe, sahani ilitangulia kila mlo, na bomba likatumika kufidia kilichopungua. Kila asubuhi alipimwa na kikapu chake kwenye mizani ya dukani, uzito wa kikapu ukatolewa. Uzito ukiendelea kushuka licha ya bomba, rudi kwa daktari umuulize kuhusu mpira wa kulishia unaopitishwa shingoni hadi kwenye umio. Ufizi na ngozi ya ndani ya masikio vikigeuka manjano, usingoje kesho.