Albamu Iliyokosa Ziara Yake: Uhakiki wa To All Trains ya Bendi ya Shellac kwa Mkabala wa Utendaji

4.3.1 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki albamu ya To All Trains ya bendi ya Shellac ya Chicago, Marekani, iliyotolewa na kampuni ya Touch and Go tarehe 17 Mei 2024. Ilikuwa albamu ya sita ya studio ya bendi hiyo na ya kwanza baada ya miaka kumi, na wanabendi walikuwa wakijiandaa kwa ziara. Siku kumi kabla ya albamu kutoka, tarehe 7 Mei, mpiga gitaa na mwimbaji wao, Steve Albini, alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 61. Albamu ilitoka kama ilivyopangwa, lakini ziara haikufanyika.

Tangu hapo albamu hii imesikilizwa zaidi kama kauli ya mtu anayeaga dunia. Usikilizaji huo unaeleweka, na sehemu hii haikusudii kuubeza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba usikilizaji huo umezuka kwa sababu kazi yenyewe imebaki nusu. Kwa bendi hii, nusu ya pili ya wimbo ilikuwa jukwaani. Nusu hiyo ilipokosekana, kifo cha fanani kiliingia mahali pake na kuwa tukio ambalo albamu ilikuwa ikilisubiri.

4.3.2 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na maelezo ya Mulokozi (1996), anayeiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Inaweza kuhojiwa ikiwa mkabala uliozaliwa katika utafiti wa ngano, tenzi na ngoma unafaa kwa muziki wa roki ya kelele, yaani roki inayoupa mkwaruzo wa gitaa na ukali wa mdundo nafasi kubwa kuliko ulaini wa sauti. Mtafiti anaona kuwa unafaa, kwa kuwa mkabala huo hauulizi kazi imetoka wapi. Unauliza kazi inakamilika lini na mbele ya nani, na hilo ndilo swali ambalo Shellac waliliishi kwa zaidi ya miaka thelathini.

4.3.3 Bendi, Kazi na Ziara

Shellac ilianza mwaka 1992, ikiwa na Albini kwenye gitaa, Bob Weston kwenye gitaa la besi na Todd Trainer kwenye ngoma. Kabla ya hapo Albini alikuwa ameongoza Big Black katika miaka ya 1980. Riziki yake, hata hivyo, ilitoka kwenye ufundi wa kurekodi muziki wa watu wengine. Aliporekodi albamu ya In Utero ya bendi ya Nirvana mwaka 1993 alipokea ujira wa mara moja na kukataa mrabaha, kwa maelezo kwamba fundi hulipwa kwa kazi aliyoifanya, na mapato yanayofuata ni ya waliotunga. Aliepuka pia kuitwa prodyuza. Alitaka iandikwe tu kuwa amerekodi.

Mwaka huohuo jarida la The Baffler lilichapisha makala yake kuhusu matatizo ya biashara ya muziki. Humo alipiga hesabu ya bendi ya kubuni iliyosaini mkataba na kampuni kubwa na kuuza nakala 250,000. Katika hesabu hiyo, ziara ya wiki tano inakula zaidi ya inachoingiza, na mwishoni kila mwanabendi anabaki na takriban dola 4,000 huku kampuni ikiondoka na faida kubwa. Kwa uhakiki huu, jambo muhimu katika makala hiyo ni nafasi ya ziara. Katika mfumo anaoukosoa, ziara ni tangazo: bendi inazunguka ili albamu inunuliwe, na inazunguka kwa deni.

Shellac waliupindua mpangilio huo. Walikuwa watu wenye kazi nyingine (Weston naye ni fundi wa sauti), na hawakuhitaji albamu iwalishe. Walisafiri walipotaka, walirekodi walipopata nafasi, na nyimbo mpya zilisikika jukwaani kabla ya kuwekwa kwenye santuri. Kati ya Excellent Italian Greyhound ya mwaka 2007 na Dude Incredible ya mwaka 2014 ilipita miaka saba. Kutoka hapo hadi To All Trains ikapita kumi. Katika vipindi hivyo bendi haikunyamaza. Iliendelea kupanda jukwaani, ikiwa ni pamoja na katika tamasha la Primavera Sound huko Barcelona, ambako ilirudi mara nyingi kiasi cha kuhesabiwa kama mwenyeji. Katika mpangilio huu albamu ndiyo iliyofuata ziara, si kinyume chake.

4.3.4 Kile Kilichorekodiwa na Kile Kilichobaki Nje

To All Trains ina nyimbo kumi na haifiki nusu saa. Ilirekodiwa katika Electrical Audio, studio ya Albini mjini Chicago, kwa vipindi vinne vya mwisho wa wiki kati ya Novemba 2017 na Machi 2022. Ukiisikiliza kwa makini, jambo la kwanza unalolitambua ni chumba. Ngoma za Trainer hazisikiki kama zimebandikwa sikioni. Zina umbali, na kila pigo linaacha mwangwi mfupi unaoonyesha kuta zilipo. Gitaa lina ukali wa bati, na ukali huo una sababu zake: Albini alitumia gitaa la Travis Bean lenye shingo ya alumini, akalipiga kwa risha ya shaba badala ya plastiki. Kwa istilahi za Mulokozi, rekodi hii inahifadhi fani kikamilifu na inahifadhi mahali kwa kiasi kikubwa kuliko rekodi nyingi za wakati wake.

Kisichohifadhiwa ni hadhira na tukio. Jukwaani Shellac walijipanga kwenye mstari mmoja, ngoma zikiwa mbele sawa na magitaa badala ya kufichwa nyuma. Albini aliufunga ukanda wa gitaa kiunoni, si begani. Katika wimbo wa Wingwalker wanabendi walikunjua mikono kama mbawa za ndege. Kati ya wimbo na wimbo, Weston alikaribisha maswali kutoka kwa watazamaji, na majibu yakawa sehemu ya onyesho. Wimbo wa The End of Radio, unaomweka mbele yetu mtangazaji wa mwisho anayezungumza bila kujua kama kuna anayemsikia, ulibadilishwa maneno kulingana na usiku na mji. Yote haya ni sifa ambazo mtafiti wa fasihi simulizi anazitambua bila kuelekezwa: ubunaji wa papo kwa papo, ushirikishwaji wa hadhira, na matini isiyo na toleo moja la mwisho.

Kwa hiyo rekodi ya Shellac inapaswa kusomwa kama kumbukumbu ya hali moja ya wimbo. Inaonyesha jinsi watu watatu walivyoupiga katika chumba fulani, siku fulani. Haidai kuwa wimbo wote.

4.3.5 Usomaji wa Tanzia na Udhaifu Wake

Wimbo wa kumi na wa mwisho unaitwa I Don't Fear Hell. Msemaji wake anatangaza kuwa haiogopi jehanamu, na anatania kwamba huko hatakosa watu anaowafahamu. Si vigumu kuona kwa nini wimbo huu, ukisikilizwa siku kumi baada ya msiba, uligeuka kuwa wasia. Hata hivyo, usomaji huo una udhaifu wa aina tatu.

Kwanza, tarehe zinaukataa. Kazi ya kurekodi ilimalizika Machi 2022, zaidi ya miaka miwili kabla ya kifo kilichotokea ghafla. Mwenye kuandika wasia hujua anaaga. Hapa hakuna dalili ya ujuzi huo.

Pili, usomaji huo unaufuta utani. Msemaji wa wimbo ni wa ukoo uleule wa wasemaji wa Shellac tangu albamu ya kwanza, At Action Park ya mwaka 1994: mtu mwenye majigambo yanayopita kiasi, ambaye msikilizaji anatakiwa kumcheka na kumwogopa kwa pamoja. Tashtiti hii ilihitaji uso wa fanani na kicheko cha hadhira ili ikamilike. Pasipo kicheko, majigambo yanasikika kama ungamo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, usomaji wa tanzia unazinyang'anya nyimbo tisa zilizotangulia haki ya kusikilizwa. Scrappers inahusu waokota vyuma chakavu. Scabby the Rat imepewa jina la panya mkubwa wa kujazwa hewa ambaye vyama vya wafanyakazi vya Chicago vimekuwa vikimsimamisha mbele ya waajiri wenye mgogoro nao tangu miaka ya 1990. Wimbo mwingine unaitika, kwa jina lake, wimbo wa bendi ya The Fall ya Uingereza wa mwaka 1980, ambao nao unamhusu mwandishi anayesumbuliwa na watu kuhusu namna alivyoandika kitabu chake. Hapa pana kinaya: albamu iliyobeba kumbukumbu ya dhihaka dhidi ya wanaomchungulia mtunzi sasa inasikilizwa kwa kumchungulia mtunzi. Dhamira inayojirudia ndani ya albamu ni kazi: mikono, chuma, ujira na mji wa wafanyakazi. Dhamira hiyo inalingana na maisha ya bendi kuliko dhamira ya mauti.

Pana pia suala la kimaadili. Marehemu hasemwi vibaya, na usomaji wa tanzia hulainisha. Albini alijulikana kwa dhihaka zilizowaumiza watu, na mwaka 1987 aliipa bendi yake jina la Rapeman, lililofanyia mzaha ubakaji. Mwaka 2021 yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba mengi ya aina hiyo yalikuwa makosa na kwamba alipaswa kuwajibika. Mhakiki anayemgeuza kuwa mzee wa busara anayeaga kwa utulivu anamnyima hata ukiri huo, kwa kuwa anafuta kilichokiriwa.

4.3.6 Kwa Nini Kifo Kikawa Tukio

Pamoja na udhaifu huo, kusema kwamba wasikilizaji wamekosea ni kusema nusu ya ukweli. Kama kazi ya utendaji inahitaji tukio, basi hadhira iliyoachiwa fani bila tukio italitafuta lingine. Maelfu ya watu waliisikiliza albamu hii kwa mara ya kwanza katika siku zilezile za maombolezo. Hilo ni tukio halisi, lenye mahali na wakati wake. Kwa hiyo maana ya wasia haikutoka kwa fanani. Imeundwa na hadhira. Mhakiki anaruhusiwa kuieleza kama historia ya upokezi. Haruhusiwi kuirudisha kwa mtunzi kana kwamba aliikusudia.

Tofauti hii inaugusa moja kwa moja utafiti wa muziki wa Kiswahili. Shellac ni jina la utomvu uliotumika kutengeneza santuri za zamani, na ni santuri za namna hiyo zilizobeba sauti ya Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928. Mtafiti wa leo anayezisikiliza hana barabara za Zanzibar za usiku ule, wala watu waliojua nani anasutwa katika ubeti gani. Ana dakika chache za fani. Pengo linalobaki hujazwa na wasifu: umaskini wake, safari yake ya kutoka Fumba, ushujaa wake. Wasifu huo una thamani, lakini haupaswi kuchukuliwa kuwa ndio wimbo.

4.3.7 Muhtasari

Sehemu hii imeonyesha kwamba To All Trains ni rekodi aminifu ya fani na mahali, iliyokosa hadhira na tukio kwa sababu ziara yake haikufanyika. Imeonyesha pia kwamba usomaji wake kama tanzia ni maana iliyotokana na upokezi, na kwamba usomaji huo unaificha dhamira ya kazi pamoja na tashtiti ya msemaji. Kanuni inayochukuliwa kutoka hapa kwenda katika uchambuzi wa santuri za taarab ni hii: kabla ya kuuliza rekodi inasema nini kuhusu maisha ya aliyeimba, mhakiki abainishe kwanza ni kipengele gani cha utendaji ambacho rekodi hiyo haikuweza kukibeba, na asikubali wasifu wa mwimbaji uchukue nafasi yake bila kuonekana.