Heko kwa mpiga zumari wa Pemba

Tarumbeta hupimwa kwenye mrija wa vali ya pili, na wapigaji hubishana kuhusu kipenyo chake: milimita 11.66 au 11.73? Mrija mpana humeza pumzi nyingi na hautoi ukinzani mkubwa. Mwembamba humpa mpigaji kitu cha kuegemea. Tofauti ni ndogo mno, lakini midomo huijua.

Kisiwani Pemba, ujuzi wa kuhisi tofauti ndogo kama hiyo uko mikononi mwa mpiga zumari. Tundu la zumari ni jembamba juu, kisha hupanuka hadi kwenye ncha yake ya chini, na ndiyo maana sauti yake hupasua kelele za ngoma. Mtazame kabla hajaanza. Analowanisha ulimi wa jani kwa mate, anaubana kwa vidole, anajaribu sauti moja, anaurekebisha tena. Ukiwa mgumu, mashavu yatachoka mapema. Ukiwa laini sana, sauti italegea. Humpimii wewe. Anajipimia mwenyewe, kwa pumzi yake.

Kisha mashavu yanajaa, pua inavuta hewa huku mdomo ukiendelea kupuliza, na sauti haikatiki. Mimi naihesabu hii kuwa elimu kamili, sawa na ya chuo chochote cha muziki, na anayeimiliki anastahili kuitwa fundi na kulipwa kama fundi.

Mwenye harusi, unapomwalika, usimwache mwisho katika bajeti. Na wewe kijana wa Wete au Chake Chake, kaa karibu naye, umwombe akufundishe kutengeneza ulimi wa zumari.