Mnajimu si mwanafalaki: Istilahi ovyo inavyomfungia mtoto mlango

Mwaka jana nilikuwa Buna, Wajir Kaskazini, kwa warsha ya walimu wa Kiswahili. Jioni moja tukinywa chai, mwalimu wa sekondari alinisimulia kisa ambacho kimenikaa rohoni hadi leo. Mwanafunzi wake, binti hodari wa fizikia, alisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Kenya itahitaji “wanajimu” wa kufanya kazi na darubini za redio. Akamwambia babaye kuwa anataka kusomea unajimu. Mzee akaruka: “Mtoto wangu apige ramli? Haiwezekani!” Mazungumzo yakaishia hapo.

Msomaji, usimcheke mzee huyo. Alikielewa Kiswahili vizuri tu. Mtaani, mnajimu ni yule anayekwambia kuwa nyota yako imefifia, kisha anadai ada. Kwa Mwislamu wa Buna, hilo ni haramu. Ila mzee huyohuyo hana ugomvi na falaki, elimu inayomsaidia kujua kibla na kuandama kwa mwezi. Kiarabu, kilichotukopesha maneno yote mawili, leo huyatenga. Sisi tumeyakoroga. Kamusi zetu huruhusu unajimu kubeba sayansi na ubashiri kwa pamoja, wanahabari hunakili, nasi wahadhiri tunapitisha. Mimi mwenyewe nimewahi kutia saini tasnifu iliyotumia neno hilo bila kulihoji.

Kazi aliyoisikia binti huyo si ndoto. Mwaka 2012, Afrika na Australia zilichaguliwa kuwa wenyeji wa mradi wa darubini kubwa ya redio uitwao SKA, na Kenya ni miongoni mwa nchi 8 za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini. Kando ya mradi huo upo mpango wa kuyageuza madishi makuukuu ya mawasiliano ya setilaiti yawe mtandao wa darubini. Ghana ilizindua lake la mita 32 huko Kuntunse mwaka 2017. Dishi letu la Longonot, kituo kilichoanza kazi mwaka 1970, limo katika fikra hiyo.

Uzuri wa teknolojia hii ni kwamba haifanyi kazi bila ushirika. Madishi yaliyotengana kwa maelfu ya kilomita hukielekea kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila moja likinasa mawimbi na kuyawekea muda kwa saa sahihi mno. Kisha rekodi hukusanywa na kulinganishwa kwa kompyuta, na madishi yote yakawa kama dishi moja lenye upana wa masafa yaliyo kati yao. Hivyo ndivyo darubini 8 zilivyotupatia picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa mwaka 2019. Saa zisipoafikiana, picha haipatikani. Istilahi nazo ni vivyo hivyo. Mwandishi akisema unajimu, mwalimu falaki, na mtaala ukataja jambo la tatu, msikilizaji wa Buna atapata picha gani?

Wapo wanaoikosoa hata “darubini ya redio”, wakidai kuwa darubini ni neno la Kiajemi lenye maana ya kuona mbali, ilhali dishi halioni. Mimi naitetea. Neno limezoeleka, na kuona si kwa mwanga tu. Kinachohitaji maelezo ni “redio”. Pale warshani mwalimu mmoja aliniuliza, “Sasa Prof, hiyo inashika stesheni gani?” Tulicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Inashika stesheni isiyo na mtangazaji: mawimbi hafifu ya gesi ya hidrojeni na ya nyota zilizokwisha kufa. Mlingoti wa simu ukiwa jirani, mawimbi hayo humezwa. Basi wenyeji wataombwa kuitunzia darubini utulivu, na ombi kama hilo halifai kuja kwa lugha wasiyoielewa.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Hadi leo wanasayansi wa dunia hulitaja neno hilo la Kiswahili. Jina tulitoa, istilahi hatujatoa.

Najua kuna watakaonikumbusha kuwa Waswahili pia husema “kupiga falaki” kwa maana ya kubashiri. Ni kweli. Lakini falaki ina upande wa elimu ambao wazee wanautambua. Unajimu umebaki na sura ya mganga. Basi sayansi tuiite falaki, mtaalamu wake mwanafalaki, na unajimu tuwaachie watabiri. Na wanaounda istilahi wasijifungie Nairobi. Waborana, walio miongoni mwa wenyeji wa Buna, wana kalenda ya mwezi na nyota yenye majina 27 ya siku, aliyoieleza Asmarom Legesse mwaka 1973. Kilimia chetu, wao hukiita Busan. Watu hao wana maneno ya kutukopesha.

Nilimsihi mwalimu yule arudi kwa mzee, safari hii na neno falaki. Aliahidi. Bado naisubiri simu yake.