Zabibu Iliyoandikishwa kwa Jina la Mwenzake

Dada mmoja wa shirika alipomaliza mkataba wake, alituachia chupa ya divai nyekundu kutoka Chile, aina ya Carmenère. Tuliinywa watu wanne kwa vikombe vya chai. Wasiokunywa pombe watuvumilie kidogo. Makala hii si ya ulevi. Ni ya ladha, na ya nani ana haki ya kuieleza.

Tuanze na karatasi ya nyuma ya chupa. Inasema ndani kuna beri nyeusi, mbao za seda na chokoleti. Sasa, sisi tuliokaa pale mkekani, nani amewahi kula beri nyeusi? Jirani yangu akanusa, akasema, "Hii ni hoho." Tukacheka, lakini alikuwa sawa kabisa. Carmenère ina pirazini, kemikali ileile inayotoa harufu ya pilipili hoho mbichi. Jirani hakusoma popote. Alitumia pua yake na jiko lake. Karatasi ilitaja vitu vitatu, na kile kilichotufikia kwanza puani ikakiacha.

Zabibu hii asili yake ni Bordeaux, Ufaransa. Katikati ya karne ya 19 miche yake ilipelekwa Chile. Baadaye mdudu aitwaye filoksera aliharibu mizabibu ya Ufaransa, na Carmenère ikahesabiwa kama imekwisha. Kumbe iko hai Chile, imechanganyika na Merlot na inaitwa Merlot! Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alifika kwenye shamba moja katika bonde la Maipo, akaitazama mimea kwa makini, akasema hii si Merlot, ni Carmenère.

Wewe ambaye kadi yako ina jina lililokosewa, au tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kama ya majirani wengi, unanielewa. Na kosa la jina haliishii kwenye karatasi. Merlot huiva mapema. Carmenère huiva wiki kadhaa baadaye. Basi wakulima waliivuna kwa kalenda ya mwenzake, ikiwa bado mbichi, halafu watu wakalalamika ati divai ina ladha ya majani. Zabibu haikuwa na kasoro. Haikusubiriwa tu.

Hii yetu ilisubiriwa. Hoho ipo, lakini imetulia chini ya utamu wa matunda yaliyoiva. Lawama yangu ni moja: mbao za pipa zimezidi, moshi unabaki mdomoni hadi unachosha.

Halafu kuna ukakasi. Hapa Kiswahili hakihitaji msaada wa mtu. Ni ule wa ndizi mbichi, au chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Unatokana na tanini, ambayo hushikana na protini za mate, ulimi ukakauka. Ndiyo maana divai nzito inataka nyama yenye mafuta: tanini inapata kitu kingine cha kushika, na mdomo unapumzika.

Tulijaribu na chakula. Mbuzi wa kuchoma, mwenye mafuta na chumvi, alishinda wote. Sombe ya mawese ilitushangaza: ule ubichi wa divai ulikutana na majani ya muhogo, vikaelewana. Maharage yalifaa yalipoungwa kwa mafuta ya kutosha. Dagaa hapana, vilileta ladha ya chuma. Pilipili kali nayo iliwasha pombe kama moto. Na kwa joto la huku, funga chupa kwa kitambaa kibichi, uiweke kivulini penye upepo kwanza, la sivyo utanusa pombe tupu.

Kwa hiyo hukumu yangu: divai ni nzuri, karatasi yake ni dhaifu. Na ndugu zetu wa mashirika, mkituletea kitu tukionje, iwe divai, unga mpya au mradi, msitusomee kwanza karatasi ya nyuma. Tuulizeni tunaonja nini. Kuna mtu mkekani anayejua hoho.